Mwenyewe Lazima Asikie

Mwalimu aliyetufundisha uandishi wa kubuni hakuwa anaita majina. Daftari la mahudhurio alikuwa nalo, la jalada gumu, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Lakini badala ya kuita jina na kusubiri mtu aitike, alikuwa anakutazama usoni halafu anauliza, "Umeona nini?" Ulitakiwa kutaja kitu kimoja ulichokiona asubuhi ile, kuanzia ulikolala mpaka darasani. Ukitaja, unawekewa vema. Ukisema hujaona kitu, unaandikwa hupo, hata kama umekaa kiti cha mbele kabisa na pua yako inakaribia kugusa meza yake.

Mimi niliandikwa sipo mara tatu katika wiki mbili za kwanza, na mara zote tatu nilikuwepo.

"Nimeona barabara, Mwalimu."

"Barabara ilikuwa inafanya nini?"

"Ipo tu."

"Haya. Na wewe hupo."

Nilikwenda kumshitaki kwa msimamizi wa taaluma, maana chuo kilikuwa na sheria kwamba anayekosa vipindi vingi hafanyi mtihani. Msimamizi alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia mimi ni wa nne wiki hiyo, na kwamba dawa yake ni ndogo, nikaangalie vitu. Nilitoka pale nimefura kwa hasira. Siku iliyofuata, nikitoka chumbani kwangu mtaa wa Makanyagio hapa Mpanda, nilitembea nimekodoa macho kama mtu aliyedondosha ufunguo, na karibu na soko nikamwona mama mmoja amepakiwa kwenye bodaboda akiwa amekumbatia mlango wa mbao. Nilimpelekea Mwalimu mlango ule kwa furaha kubwa.

"Mlango wa nje au wa ndani?" akauliza.

"Wa nje. Una komeo la kufuli."

"Mpya au wa zamani?"

"Sijaangalia."

Akaniwekea vema, halafu akaikata nusu kwa kijistari. Mpaka leo mlango ukipita barabarani natazama kama ni mpya.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hakuwahi kutuambia, nasi kwa adabu hatukuuliza. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi kwa mbali, jambo ambalo huku Katavi halimshangazi mtu, familia za namna hiyo ni nyingi na ni majirani zetu. Tulijua anaishi Mwamkulu na mke wake, kwamba analima mahindi, na kwamba anakuja mjini kwa baiskeli nyeusi yenye kengele kubwa kuliko inavyohitajika. Mengine yote tulikuwa tunayaokota kidogokidogo, tunajaliza wenyewe palipopungua.

Somo lenyewe lilikuwa la muhula mmoja, la hiari, la wanaoanza. Wengi tulilichagua kwa sababu halina hesabu. Tulidhani tutakuwa tunakaa kivulini tunatunga mapenzi. Kumbe tulikuwa tumejipeleka wenyewe kwa mtu anayeweza kutumia saa nzima kwenye sentensi yenye maneno mawili. Kijana mmoja aliandika "Chakula kilipikwa," na Mwalimu akamsimamisha.

"Nani ameshika mwiko?"

"Haijulikani, Mwalimu."

"Nyie mnakula chakula cha mtu msiyemjua? Mimi sili."

Alikataza hadithi kuanza na jua kuchomoza. Alisema jua la Mpanda linachomoza kila siku na halijawahi kuomba msaada wa mwanafunzi. Alikataza mhusika kulia. Alikuwa anasema, "Mpe kazi ya mikono. Akunje shuka, achambue mchele. Msomaji akitaka kulia atalia mwenyewe." Halafu siku moja dada mmoja aliyekuwa anakaa nyuma akasoma habari ya baba yake anavyoosha gari la mtu mwingine kila Jumamosi, anavyofuta hadi ndani ya kofia za matairi, na hakuna mtu aliyelia kwenye ile habari, ila Mwalimu akageukia dirishani akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema vumbi. Ilikuwa Machi, mvua imenyesha siku tano mfululizo, hapakuwa na vumbi Mpanda nzima.

Ndivyo alivyokuwa. Alituhimiza tuandike mafupi, naye alikuwa akianza kueleza ufupi anamaliza kipindi chake na cha mwenzake. Alikuwa mkali kwa anayechelewa, lakini kama umechelewa kwa sababu ulisimama kutazama kitu, anakukaribisha na kukuuliza kilikuwaje. Alisahihisha kwa penseli, hakuwa na kalamu nyekundu kabisa. Penseli yenyewe alikuwa anaichonga kwa wembe juu ya kopo tupu la siagi, taratibu, huku tunasubiri. Tulipomuuliza kwa nini asitumie kalamu kama walimu wengine, alijibu bila kuinua kichwa, "Kwa sababu naweza kuwa nimekosea."

Kilichotusumbua zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hatukuwahi kusoma hata mstari aliouandika. Mtu anafundisha kuogelea na hakuna aliyemwona mtoni. Tulipekua. Tulitafuta kwenye simu, tuliuliza maktaba, tuliwadadisi walimu wenzake. Mtunza maktaba ndiye aliyetupa fununu kwamba nyumbani kwake kuna sanduku la bati limefungwa na kufuli, na ndani yake kuna karatasi. Tangu hapo darasa zima tukaamini kwamba kuna kitabu kikubwa kinaandikwa Mwamkulu, pengine cha maisha yake, na kwamba siku kikitoka tutajivuna tulifundishwa na nani. Nilijitia ujasiri nikamuuliza.

"Mwalimu, wewe unaandika nini?"

"Mahudhurio," akasema.

Kulikuwa na fununu nyingine, hii tulikuwa tunainong'ona. Kila likizo Mwalimu alikuwa anatoweka. Mwenzetu mmoja alikuwa na mjomba kondakta wa basi linalopita mbugani kwenda Mpimbwe, na mjomba huyo alisema si mara moja wala mbili amemfungia Mwalimu baiskeli yake juu ya basi, akamshusha upande wa pili, akamwona anapanda baiskeli na kupotelea kwenye vijia vya mashamba ya mpunga. Mtu mzima, mwenye mke, anavuka mbuga na baiskeli. Tulielewana bila kumaliza sentensi. Ana nyumba ndogo huko. Mimi ni mtu wa Kasansa, Mpimbwe ndiko kwetu, basi nikawa naulizwa kila siku kama namfahamu huyo mwanamke, nami kwa aibu kuu nakiri kwamba nilikuwa natabasamu kama mtu anayejua kitu.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kazi ya mwisho ya muhula ndiyo iliyompa Mwalimu sifa pale chuoni, nzuri na mbaya. Unaandika kurasa nne kuhusu mtu aliye hai unayemfahamu, bila kumtaja jina. Ukimaliza kuandika hujamaliza kazi. Unaipeleka kwa mwenyewe, mnakaa, unamsomea kwa sauti kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Mwenyewe ana haki mbili, kutoa kitu kimoja na kuongeza kitu kimoja. Halafu anaweka sahihi chini, au dole gumba kama haandiki. Bila hivyo Mwalimu hagusi karatasi yako.

Tulilalamika. Tukasema hakuna chuo kingine kinafanya hivyo.

"Mwenyewe lazima asikie," alisema. "Mnamwandika mtu nyuma ya mgongo wake halafu mnataka maksi. Huo ni umbea, umepangwa aya tu."

Basi watu wakatawanyika na karatasi zao. Walivyorudi darasa lilikuwa sherehe. Kijana wa Mwamkulu alikuwa amemwandika babu yake. Babu alisikiliza yote, akatoa habari ya kuogopa vyura, akaongeza kwamba ana ng'ombe wanne. Kijana akalalamika mbele yetu kwamba babu ana ng'ombe wawili, mji mzima unajua. Mwalimu akasema, "Mwenyewe kasema wanne, ni wanne. Sisi waandishi hatujaajiriwa kuhesabu mifugo." Dada mwingine alimwandika mama muuza maandazi wa getini. Mama yule hakutaka kutoa chochote kwanza, alisema yote matamu, halafu wakati dada anaondoka akamkimbilia na kumwambia atoe pale alipoandikwa ana miguu mikubwa, na aongeze namba yake ya simu kwa ajili ya wateja. Mwalimu akaiacha namba.

Mimi nilimwandika mama yangu mkubwa, dada wa mama, aliyenilea Kasansa tangu nikiwa darasa la pili. Niliandika mikono yake inayonuka pumba, anavyowafukuza ndege mpungani kwa sauti ambayo haitumii mahali pengine popote, anavyowasalimia majirani kwa Kipimbwe na kuku kwa Kiswahili. Na niliandika lile jambo lake la karatasi. Kila karatasi iliyoingia nyumbani alikuwa ananinyooshea. "Hebu nisomee hapa." Kadi ya kliniki, tangazo la mkutano wa kijiji, maelezo ya mbolea, somo la Jumapili kabla ya kwenda jumuiya. Anakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, anafumba macho, nami nasoma. Mara moja nikiwa na haraka ya kwenda kucheza niliruka mstari kwenye somo, akasema, "Rudia, umeruka." Nilidhani anakumbuka kutoka kanisani.

Na katikati ya ukurasa wa pili niliandika sentensi niliyojivunia kuliko zote: Mama yangu mkubwa hajui kusoma wala kuandika, lakini alihakikisha mimi najua.

Sikwenda kumsomea. Wenzangu niliwaambia ni barabara, na kweli mvua zilikuwa zimeharibu njia, basi lilikuwa linakwama upande wa pili wa mbuga siku nzima. Lakini barabara ilikuwa kisingizio. Nilikuwa naogopa ile sentensi. Nilijaribu kujiona nimekaa mbele ya kigoda chake namwambia kwa sauti, uso kwa uso, kwamba hajui kusoma, na sikuweza. Kuifuta pia sikutaka, maana ilikuwa nzuri. Kwa hiyo siku moja kabla ya kukusanya nilikaa kitandani kwangu Makanyagio, nikapaka wino wa kalamu ya bluu kwenye dole gumba langu, nikabandika chini ya ukurasa wa nne. Nilitumia la kushoto, nikiamini hivyo ndivyo wajanja wanavyofanya.

Mwalimu alikuwa anatuita mezani mmoja mmoja. Alisoma kazi yangu polepole, akafika mwisho, akalitazama lile dole.

"Hakutoa kitu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hakuongeza?"

"Hapana. Alifurahi tu."

Kila karatasi iliyokuwa juu ya ile meza ilikuwa na mstari uliokatwa na maneno yaliyochomekwa pembeni. Yangu ilikuwa safi kama ilivyotoka dukani. Ndipo nilipoona, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Mwalimu akachukua penseli, akanipa B, akaandika chini, Mtu wa ajabu huyu. Akanionyesha, halafu akaiweka karatasi kwenye mkoba wake pamoja na nyingine. Alikuwa harudishi. Alisema zinabaki kwake mpaka mtu aje kuiulizia ya kwake.

Hivyo ndivyo nilivyomaliza muhula. Nilitoka pale na B yangu, na swali ambalo limenikaa miaka yote hii: je, alijua? Na huyo mtu wa ajabu alikuwa mama mkubwa, au nilikuwa mimi?

Nilimaliza chuo, nikapata kazi ya kusoma matangazo redioni hapa hapa mjini. Nasoma mikutano, nasoma vitu vilivyopotea, nasoma misiba. Kasansa nilikuwa naenda kila Krismasi. Krismasi ya kwanza nilibeba daftari lenye rasimu ya ile kazi, likakaa chini ya nguo kwenye begi siku nne. Siku ya kuondoka mama mkubwa akaniuliza, "Safari hii hukuniletea cha kunisomea?" Nikamwambia, "Chuo nimemaliza mama, siku hizi sina cha kusoma." Halafu akaenda ndani akaniletea kalenda ya kanisa nimsomee sikukuu za mwezi unaokuja. Nilimsomea nikiwa nimesimama, begi begani, kwa sababu basi lilikuwa karibu.

Krismasi ya pili alikuwa anaumwa, haikuwa wakati wa kusomeana. Ya tatu hakuwepo. Alifariki shamba likiwa limeshavunwa, na tangazo lake nililisoma mwenyewe redioni bila sauti kutetemeka, jambo ambalo wenzangu kazini walinisifia na mimi nilijichukia kwalo.

Mwaka huu nimesikia Mwalimu amestaafu, na kwamba macho yamemwisha nguvu, hawezi tena kusoma. Nilikaa na habari hiyo wiki nzima. Muhula wangu haujaisha, hilo nalijua hata kama karatasi za chuo zinasema vingine. Mama mkubwa hawezi tena kusikia. Lakini mtu mwingine aliye hai ninayemfahamu yupo, yuko Mwamkulu, na masikio yake bado ni mazima. Kwa hiyo nimemwandika. Nimeandika wakati wa mapumziko ya mchana, kurasa chache kila siku, na Jumapili hii namfuata. Nikimsomea atajua nilichokifanya, maana nimekiandika humu. Akiniambia B yangu ilikuwa ya uongo nitakubali.

Mpaka hapo ndipo nilipomsomea. Yanayofuata niliyaandika niliporudi.

Niliwakuta uani yeye na mke wake, wamekaa kwenye turubai wanapukuchua mahindi. Alikuwa amekonda, amevaa kofia ya kufuma, na alikuwa anapukuchua kwa kupapasa, anageuza gunzi mkononi kuhakikisha halina punje iliyobaki. Mke wake mpaka siku ile nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa mbali. Ni mama mfupi, mwenye sauti nzito kuliko ya mumewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sauti naijua, inasomaga misiba. Kaa, binti." Akasogeza magunzi. "Umeona nini njiani?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia nimeona mtu anapaka rangi mawe ya mbele ya nyumba yake, meupe, amefika la saba, na la nne amelipitia tena. Akatabasamu na kusema nipo.

Nikamwambia nimekuja na kazi. Hakuniuliza kazi gani. Mke wake alitaka kuondoka atuachie nafasi, Mwalimu akamzuia kwa mkono. Nikasoma. Nilisoma mlango, nikasoma vumbi la Machi, akacheka. Niliposoma nyumba ndogo ya Mpimbwe nilitamani ardhi ipasuke, lakini mke wake ndiye aliyecheka zaidi, akampiga mumewe begani kwa gunzi. Nilipofika kwenye dole gumba sauti yangu ikashuka.

"Sauti," akasema Mwalimu, vilevile kama darasani.

Nikapandisha sauti. Nikasoma mpaka mwisho. Mikono yake iliendelea kupukuchua muda wote, na nilipomaliza bado ikaendelea, gunzi moja, la pili.

"Natoa kimoja," akasema. "Ile habari ya viatu."

Kwa hiyo ukiitafuta humu hutaiona. Ilikuwa nzuri, lakini haki ni yake.

"Na naongeza kimoja. Andika kwamba Mpimbwe sikuwa na mwanamke. Nilikuwa nakwenda kuwasomea."

"Kuwasomea akina nani?"

"Wenyewe." Akaweka gunzi chini. "Kila muhula kulikuwa na mtu mmoja, wawili, karatasi yake ni safi. Mtu hasikii habari zake mwenyewe akaacha bila kutoa kitu, binti. Hata padri angetoa kitu. Likizo ikifika nilikuwa nazipeleka mwenyewe. Wa kwako nilimkuta shambani, kwenye kibanda cha kufukuzia ndege, yupo peke yake. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa mtoto wako, amekuandika, nimekuja nikusomee. Akasema ngoja nikae vizuri. Akaweka mikono hivi."

Akaweka mikono yake juu ya magoti.

Mke wake alikuwa ameshanyanyuka, akaingia ndani, nikasikia bati linaburuzwa sakafuni. Lile sanduku. Alilifungua mbele yangu. Hapakuwa na kitabu. Kulikuwa na kazi za wanafunzi, labda kumi na kitu, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ya kwangu akaitoa yeye mama kwa kufuata maelekezo ya mumewe, "Yenye dole la bluu."

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

"Aliniapisha. Alisema, usimwambie kama nimeshasikia, aje anisomee mwenyewe, nitajifanya ndo mara ya kwanza. Alifurahia kweli huo mpango wake. Nikasema sawa. Nikasubiri uje kuulizia karatasi nijue umeshamsomea. Hukuja. Halafu siku moja nimewasha redio nakusikia unasoma msiba, unataja Kasansa, unataja mama yako mkubwa." Akatafuta gunzi jingine kwa mkono, akalipata, lakini hakulipukuchua. "Hapo sikujua tena. Mtu ameniapisha, amekufa, ahadi naifungua vipi? Nikasema utakuja tu. Ukakaa. Na mimi nikakaa. Nilitakiwa nije nikugongee mlango kule Makanyagio wiki ileile niliyorudi. Andika hivyo. Andika nilikosea. Hicho ndicho ninachoongeza, ile ya mwanamke nilikuwa natania."

Nimeandika.

Akaomba kalamu aweke sahihi. Nilimshika kidole nikamwonyesha mstari ulipo. Aliandika jina lake lote, refu, likapanda juu kidogo mwishoni.

Ndipo nikaifungua kazi yangu. Lile dole langu la kushoto lilikuwa palepale, bluu, limefifia. Chini yake kulikuwa na sahihi. Haikuwa dole. Lilikuwa jina la mama yangu mkubwa, majina yake yote mawili, kwa penseli, herufi kubwa zilizosimama mojamoja. Nikarudi ukurasa wa pili. Ile sentensi yangu nzuri ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa mwandiko uleule, kulikuwa na maneno machache. Nilikaa nayatazama mpaka mke wa Mwalimu akachoka kusubiri.

"Imeandikwa nini hapo, mwana wanje?" akasema, kwa Kirundi akiniita mwanangu. " Soma na sie tusikie."

Nikasoma. "Najua kusoma. Nilipenda tu asome yeye."

Nadhani sauti haikutoka vizuri. Mama yule alikuwa amenisogelea, ameshika ncha ya turubai. Mwalimu akaweka gunzi chini kabisa, akageuza sikio lake upande wangu.

"Anzia juu," akasema. "Neno la kwanza."

Nikafungua ukurasa wa kwanza, pale mikono ya mama mkubwa inaponuka pumba, nikasoma kwa sauti mpaka mwisho bila kuruka mstari.